Daftari Limejaa Alama za Vema, Moyo Haujatulia: A Memory of Light

Nilimaliza kitabu saa tisa usiku, na kabla hata sijakiweka chini nikanyoosha mkono kuchukua daftari langu. Ni daftari la kawaida la mistari, jalada la bluu limechakaa pembeni, nami nimekuwa nikiliandika miaka yote niliyosoma The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za kufikirika ambao A Memory of Light ndicho kitabu chake cha mwisho. Upande wa kushoto nimenakili kila utabiri na kila njozi ya Min, yule msichana anayeona picha na miale ikiwazunguka watu vichwani na kujua yatakayowapata. Upande wa kulia nimeacha nafasi ya alama ya vema, kwa siku utabiri utakapotimia.

Usiku ule nikakaa kitandani na kalamu, nikateremka mstari kwa mstari. Utukufu wa Logain, vema. Jicho la Mat, hilo nilishaliwekea vema kitabu kilichotangulia. Nikafika kwenye mstari nilioandika kwa wino mwekundu: Alivia atamsaidia Rand, shujaa mkuu wa hadithi, kufa. Mstari huo ulininyima raha vitabu kadhaa. Nilikuwa nikiuogopa, nikimtazama Alivia kwa jicho baya kila alipoingia chumbani. Na jibu lake je? Amemwachia Rand nguo na pesa ili aweze kuondoka watu wakiamini amekufa. Basi. Maneno machache, hadithi ikapita. Nikaweka vema. Nikalifunga daftari. Nikajikuta nina simanzi ambayo sikuitegemea, maana karibu kila mstari ulikuwa na alama yake na mimi nilihisi sijajibiwa.

Kwa hiyo tahadhari mapema: nitataja nani anakufa na nani anabaki. Kama bado uko njiani, rudi baadaye.

Tuanze na stahili ya watu. Robert Jordan alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1990. Alifariki Septemba 2007 kwa maradhi ya moyo, vitabu 11 vikiwa tayari mikononi mwa wasomaji pamoja na kile chembamba cha utangulizi. Kwa cha mwisho aliacha maandishi, vidokezo na maelezo aliyoyarekodi kwa sauti, pamoja na tukio la mwisho kabisa aliloliandika mwenyewe kabla ya kufa. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson aimalizie kazi. Kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja kikawa vitatu: The Gathering Storm mwaka 2009, Towers of Midnight mwaka 2010, na hiki, A Memory of Light, Januari 2013. Kumalizia hadithi ya marehemu, yenye mamia ya wahusika, huku mamilioni ya watu wakikusubiri mlangoni, ni mzigo nisiomwombea mtu. Namshukuru Sanderson kwa moyo wote. Tena kile cha 2009 kwangu ni miongoni mwa vitabu bora vya mfululizo mzima. Ndiyo maana nilikifungua hiki nikiwa na matumaini makubwa.

Na kuna mambo ndani yake ninayoyapenda kwa dhati. Lile wazo la majemadari wanne, wakuu wa vita kuliko wote, kuharibiwa akili wakiwa usingizini bila wenyewe kujua, ni zuri mno. Kila mmoja anafanya kosa dogo. Kikosi kimesogezwa mbali kidogo, akiba imeitwa mapema kidogo. Lan, bingwa wa upanga, anaanza kuyahesabu makosa ya Agelmar, mmoja wa majemadari wale na mzee anayemheshimu, na unaona jinsi anavyokataa kuamini anachokiona. Nilisoma kurasa zile nikiwa nimeubana mto kifuani.

Halafu Nynaeve pangoni. Tangu kitabu cha kwanza yeye ni mganga wa kijiji, mwenye mkoba wa mitishamba, kisha akawa mponyaji mkuu kuliko wote wa zama zake kwa kutumia Nguvu, uchawi wa dunia ile. Pale mwisho kabisa, mbele ya Mwovu mwenyewe, Nguvu haiko mikononi mwake. Yote imeelekezwa kwa Rand. Mbele yake yupo mwanamke anayevuja damu, ambaye akifa vibaya atamvuruga Rand katikati ya pambano. Na Nynaeve anafungua mkoba wake. Majani, sindano, uzi. Msichana wa kijijini anaokoa dunia kwa kazi aliyojifunza kijijini. Hapo nilisimama, nikazunguka chumba mara mbili, nikarudi kusoma tena. Hivyo ndivyo hadithi ndefu inavyotakiwa kulipa deni lake: kitu ulichokiona ukurasa wa mwanzo kinarudi na maana mara kumi.

Nilitaka kitabu kizima kiwe hivyo. Hakikuwa.

Kina kurasa zaidi ya 900. Sura ya 37, iitwayo Vita vya Mwisho, peke yake ina karibu kurasa 200. Ni sura moja, haina mahali pa kuvuta pumzi. Naelewa kusudi lake, kwamba msomaji achoke kama wanavyochoka askari, asijue asubuhi ni lini. Kwa kurasa 60 au 70 za mwanzo jambo hilo linafanya kazi barabara. Baadaye nikaanza kuwapoteza watu. Trolloki, majitu ya jeshi la Mwovu, wanapanda kilima, Trolloki wanashuka kilima, kikosi kinavuka mto, kikosi kinarudi mtoni, na katikati ya hayo mtu niliyemjua kwa vitabu kumi anakufa ndani ya aya moja, kisha tunarushwa upande mwingine wa uwanja. Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi kwa uzito wa kitabu, na nilipoubadilisha nikagundua nimesoma kurasa tano bila kujua ni nani anasema.

Mchukue Padan Fain. Huyu ni mchuuzi anayeingia na mkokoteni wake kijijini mwanzo kabisa wa hadithi. Ndiye aliyewanusa vijana wetu kama mbwa wa kuwinda, akawaandama nchi baada ya nchi, akawa kitu kibaya cha aina yake ambacho hata Mwovu hakukiumba. Miaka 23 ya uchapishaji tunamsubiri. Anakuja amegeuka ukungu unaoua, Mat anaibuka, anamchoma kwa jambia, kwisha. Sababu ya Mat kutokufa kwa ukungu ule ni nzuri, imepandwa tangu kitabu cha kwanza alipougua kwa jambia lile lile. Lakini tukio lenyewe limepita haraka kiasi kwamba nililisoma mara tatu nikidhani nimeruka ukurasa.

Au Demandred, mmoja wa wafuasi wakuu wa Mwovu. Vitabu vingi tulikuwa tunajiuliza yuko wapi, amejificha katika umbo la nani. Wasomaji wengi, nami nikiwemo, tulishakula kiapo kwamba yeye ndiye Taim, mhusika mwingine mwovu. Hapa anatokea na jeshi la Shara, nchi ambayo hatujawahi kukanyaga, watu wanamfuata kama mkombozi wao, na hatujui amewapataje. Sehemu inayoeleza habari zake huko Shara ilitolewa kitabuni, ikachapishwa pembeni mwaka huo huo kama hadithi fupi ndani ya mkusanyiko wa waandishi mbalimbali. Nimeitafuta nikaisoma. Ni nzuri! Inamfanya awe mtu, mwenye watu aliowapenda karibu kinyume cha matakwa yake. Kurasa zile zingekaa mahali pake, Lan alipokuja kupambana naye, na akakubali upanga wa adui umwingie mwilini ili wa kwake ufike, pande zote mbili zingeniuma. Badala yake upande mmoja ni shujaa wangu wa miaka mingi, upande wa pili ni mtu anayepiga kelele akilitaja jina la Rand.

Lakini hayo ni mambo ya ufundi, na kwa ufundi peke yake nisingekaa macho hadi alfajiri. Kilichoniuma zaidi nilikielewa siku mbili baadaye, nilipokuwa nazungumza na dada yangu kwenye simu.

Dada ndiye aliyenitia katika safari hii. Alikuwa akisoma, akimaliza ananirushia kitabu, nami nakikuta na mikunjo yake kwenye pembe za kurasa. Alikomea cha 10, kile cha mwaka 2003, ambamo karibu kila mhusika anakaa akistaajabia jambo lililotokea mwisho wa kitabu cha 9, na hadithi haisogei. Akaniambia, “Mdogo wangu, mimi hapa nashuka. Ukifika mwisho utanihadithia.” Sasa nimefika, nikampigia.

Daftari nililiweka mapajani, tayari kumsomea utabiri mmoja mmoja na jinsi ulivyotimia. Hakuuliza utabiri hata mmoja.

“Moiraine alirudi?”

“Alirudi, dada. Mat na Thom walimtoa kule alikokuwa, kitabu cha 13.” Alifurahi hadi nikasikia anapiga makofi. Tulimpoteza mwanamke yule kitabu cha 5, akiangukia katika mlango wa ajabu pamoja na adui yake Lanfear.

“Basi alionana na Siuan?”

Nikafungua mdomo, nikaufumba. Moiraine na Siuan walikuwa wasichana pamoja mnarani, makao ya wanawake wenye Nguvu. Walikuwa chumba kimoja siku mwanamke mzee alipotabiri kwamba Joka, yaani Rand, amezaliwa upya, akafa papo hapo. Wawili wale waliificha siri ile miaka 20, mmoja akiranda duniani kumtafuta mtoto, mwingine akipanda ngazi za mnara ili amlinde rafiki yake kutoka juu. Mmoja akaaminiwa amekufa. Mwingine akapinduliwa, akakatwa Nguvu, akaanza upya kutoka chini. Katika kitabu cha mwisho wote wako hai, wako upande mmoja, wanapigania jambo lile lile walilolianza wakiwa wasichana. Sikupata ukurasa hata mmoja ambao wanakaa pamoja. Kisha Siuan anakufa vitani, kwa haraka, na Bryne, mpenzi wake, anamfuata.

“Hapana,” nikamwambia. “Sikuona wakionana.”

“Hata kukumbatiana?”

“Hata hilo.”

Akanyamaza kidogo. “Na Egwene wetu?”

Tulikuwa tunamwita hivyo, Egwene wetu, kwa sababu dada yangu ana ukali wa aina yake. Egwene anaingia kitabu cha kwanza akiwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, ana furaha kwa kuwa ameruhusiwa kusuka nywele kama mtu mzima. Kitabu cha 2 Waseanchan, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, wanamfunga mnyororo wa shingoni na kumfundisha kutii kama mnyama. Anatoka hapo, na kufikia mwisho yeye ndiye anayekalia kiti kikuu kuliko vyote vya mnara. Kifo chake kimeandikwa vizuri, sitaki kudhulumu. Anamsukuma mlinzi wake mbali ili asife naye, anavuta Nguvu kupita kiasi cha mwili, na nuru inayotoka inamwangusha Taim na kuziba nyufa zilizokuwa zikiutafuna ulimwengu. Nililia.

Dada naye nilimsikia akivuta kamasi. Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote huuliza akiambiwa fulani amefariki. “Wazazi wake walipata habari?”

Sijui, kwa sababu kitabu hakikutuonyesha. Hatumwoni baba yake akiambiwa. Hatumwoni mama yake. Hakuna aliyekaa chini kumlilia hadi mwisho, hakuna mahali walipokutana waliotoka naye kijiji kimoja, Perrin, Mat, Nynaeve, wakalitaja jina lake kwa zamu. Nynaeve alimuuguza utotoni! Alimfundisha majani! Baada ya kurasa 200 za mapigano sikupewa kurasa mbili za wao kukaa kimya pamoja.

Na mnyororo ule wa shingoni? Hilo nalo dada aliliuliza, kwa hasira kabisa. Kuna mahali katika kitabu hiki ambapo Egwene anasimama mbele ya malkia wa Waseanchan na kumwambia ukweli unaojulikana tangu kitabu cha 2, kwamba wanaoishika minyororo wana uwezo ule ule wa wanaofungwa, hivyo naye malkia ajaribu kuuvaa. Ni dakika ya moto mkali. Nikasema, sasa hapa patakatika kitu. Hapakukatika kitu. Egwene akafa, na wanawake wakabaki kwenye minyororo kama jana. Inajulikana kwamba Jordan alikusudia kuandika vitabu vingine kuhusu Mat na malkia yule huko Seanchan, na huenda huko ndiko jambo hili lingemalizwa. Vitabu hivyo havikuandikwa, wala Sanderson hakukubali kuviandika, na uamuzi wake nauheshimu. Ila basi hiki ndicho cha mwisho. Mlango uliobaki wazi hapa umebaki wazi milele, na nyuma yake kuna watu shingoni mwao kuna chuma.

Nitasema jambo moja zaidi la kukisifu, maana linahusiana na kinachofuata. Pambano la Rand na Mwovu halikuwa la mapanga. Wanabishana kwa kuonyeshana dunia zinazoweza kuwepo. Rand anaijenga dunia isiyo na uovu hata chembe, anaitembelea akitabasamu, kisha anamtazama Elayne machoni na hakuna mtu ndani. Mwanamke aliyempenda amebaki umbo tupu, kwa kuwa asiyeweza kuchagua baya hachagui na zuri. Nilikifunga kitabu hapo nikakaa nalo. Kwa hiyo waandishi hawa walijua. Walijua kwamba hadithi yote hii ni watu, macho yao, wanavyotazamana. Ndiyo sababu sielewi walivyoweza kuwanyima kutazamana mara ya mwisho.

Rand anatoka pangoni hai, katika mwili wa adui yake. Mwili wake mwenyewe, ambao kila mtu anaujua, umekufa na umewekwa kwenye kuni. Wanawake wake watatu wanajua yu hai. Cadsuane, bibi mmoja wa mnarani, anagundua. Yeye anavaa nguo alizoachiwa na Alivia, anapanda farasi, anafikiria kiko chake kimewaka, nacho kinawaka, ingawa Nguvu haipo tena mikononi mwake, wala hatuambiwi imekuwaje. Anaondoka akitabasamu, akijiuliza ni yupi kati ya wale watatu atamfuata. Ni tukio aliloliandika Jordan mwenyewe. Lina utulivu, lina upepo, kama ule upepo unaofungua sura ya kwanza ya kila kitabu. Najua wengi wanalipenda. Nililisoma taratibu, mara mbili, kwa heshima ya mkono ulioliandika.

Nimekipa kitabu nyota tatu kati ya tano. Nyota zote tatu nimezitoa kwa Nynaeve, kwa Lan na kwa mabishano yale pangoni. Aliyefika cha 13 akisome, asikomee mlangoni. Aliyeshuka njiani kama dada yangu, ningemwambia aruke cha 10 bila kuona haya, asome cha 11 na cha 12, kisha ajiandae.

Nilikuwa nadhani mazungumzo na dada yameisha. Nilishamweleza kuhusu farasi na kiko, na ameshacheka kidogo kwamba Rand amepata kupumzika, maskini, tangu lini. Nikaanza kumuaga.

“Ngoja kwanza,” akasema. “Mzee Tam je?”

Tam al'Thor. Baba yake. Yule aliyemwokota mtoto mchanga mlimani kwenye theluji akamfanya wake, aliyetembea naye barabarani pembeni ya farasi Bela katika sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza, wote wawili wakiinamia upepo. Ndani ya kitabu hiki hiki anamfundisha mwanawe kupigana kwa mkono mmoja, nayo ni sura mojawapo ninayoipenda.

“Alikuwepo pale motoni,” nikasema.

“Sasa aliambiwa? Kwamba mwanawe yu hai?”

Nikafungua kitabu kurasa za mwisho, simu nimeibana kwa bega, nikapitisha kidole mstari kwa mstari hadi neno la mwisho. Dada akasubiri.